Sauti Moja kwa Mwaka

Si zamani sana, wala si mbali sana, ilikuwako nchi iliyoitwa Maridhiano. Nchi hiyo ilisifika kwa utulivu wake. Wageni waliopita humo walirudi makwao wakisimulia kwamba hawajapata kuona watu wanaokubaliana kiasi kile, na kwamba hata mbwa wa huko hubweka kwa zamu. Siri ya utulivu huo ilikuwa kifungu kimoja cha sheria, kifupi kuliko vyote, ambacho watoto walikikariri kabla hawajajua kuhesabu: aliyenyamaza amekubali.

Katika nchi hiyo kilikuwako chuo kikuu kimoja, nacho kilitosha. Wahadhiri wake walikuwa mia mbili na watatu. Kati yao, mia moja sitini na wawili walikuwa hai.

Jambo hilo lisikushangaze, msomaji, kwa maana halikumshangaza mtu yeyote kule. Kila mwisho wa mwaka wahadhiri walikusanywa ukumbini, majina yao yakasomwa moja baada ya jingine, na kila mmoja akaulizwa kama anapinga kuendelea na kazi. Aliyenyamaza alikuwa amekubali. Sasa, ni marehemu gani aliyewahi kupinga? Wakakubali mwaka hadi mwaka, wakapangiwa vipindi, wakaandikwa katika ratiba. Na kwa kuwa mtumishi mwema haitwi akakaa, walikuja kazini.

Dakta Siwema, mhadhiri wa elimu ya mimea, aliyajua hayo yote kama mtu ajuavyo njia ya kisimani, yaani bila kuyafikiri. Alianza kuyafikiri mwezi wa Machi, mumewe alipokufa.

Mumewe, Dakta Kondo, alifundisha jiografia ya mito katika darasa lililoelekeana na lake. Alifia mezani siku ya Alhamisi, kichwa chake kikiwa juu ya karatasi za mtihani mia tatu na kumi na mbili, ambazo kati yake alikuwa amesahihisha tisini na saba. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amemwambia mkewe, huku akitafuta miwani yake, "Nikizimaliza hizi, mama Mwasiti, nitalala siku saba mfululizo. Na atakayeniamsha atanitambua!"

Walimzika Ijumaa, katika udongo mwekundu wa makaburini, mvua ikinyesha. Jumatatu, jua likiwa halijachomoza vizuri, Siwema aliamshwa na mlio wa brashi ya viatu barazani. Ilipigwa mara nane kiatu cha kushoto na mara nane kiatu cha kulia, kama Kondo alivyofanya kwa miaka thelathini na minne. Alipotoka hakuona mtu. Viatu vilikuwa vimekwenda, na juu ya ngazi pamebaki tope jekundu, ilhali udongo wa mtaa wao ulikuwa mweusi. Alipofika chuoni akafunua daftari la mahudhurio. Jina la mumewe lilikuwa limesainiwa saa moja na dakika hamsini, na pembeni ya saini palikuwa na alama ya kidole, nyekundu.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipoulizwa, walisema somo lilikuwa zuri ila lilikuwa na baridi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miezi minane. Kila Jumatatu na kila Jumatano ubao ulijaa mito, vijito na mabonde kwa mwandiko wa Kondo, na chumbani hamkuwa na mtu mbele zaidi ya vumbi la chaki lililoelea mahali ambapo kichwa cha mtu kingekuwa. Lakini mwandiko ule ulianza kuinama. Mwezi Juni mistari ilishuka upande wa kulia. Mwezi Agosti herufi zilitetemeka. Mwezi Oktoba, chini ya mchoro wa mto ambao haukufika baharini, marehemu aliandika neno moja: Nimechoka.

Kamati ya Mitaala ilikutana kwa dharura, ikaagiza neno hilo lifutwe, kwa kuwa halimo katika muhtasari wa somo.

*

Jumatatu ya mwisho ya Novemba ulitoka Waraka wa Kufunga Mwaka, wenye taarifa mpya na huduma za faraja kwa wahadhiri. Siwema aliusoma akiwa amesimama dirishani.

Waraka ulianza kwa kuwapongeza wahadhiri kwa kuwa na mwaka mzuri. Ukaarifu kwamba maktaba itafungwa kwa ajili ya kuhesabu vitabu, na kwamba vitakavyokuwa vimepotea vitahesabiwa pia. Ukakumbusha kuwa likizo ya mhadhiri hutumiwa kazini, ili asipoteze mazoea. Kisha ukaja kwenye faraja. Chumba cha Kulilia kingekuwa wazi Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa sita. Wahadhiri wangelia kwa mpangilio wa herufi, kila mmoja dakika nne, na waliombwa kuja na leso zao. Aliyeelemewa zaidi angeweza kupiga simu ya msaada, ambako mshauri mzoefu, Bwana Mshamu, angemsikiliza.

"Ipige, dada," alisema Mwalimu Nyamizi, mhadhiri wa takwimu, jirani yake wa ofisini, ambaye maneno yake yalitangulia mwili wake mlangoni. "Mimi nimeshaipiga mara tatu. Yule bwana anasikiliza! Wallahi sijaona mtu anayesikiliza vile."

"Anakwambia nini?"

"Hanijibu neno. Ndiyo maana najua amenielewa."

"Nyamizi, mdogo wangu, Mshamu si alikufa Februari?"

"Najua. Nilichanga sanda. Lakini niambie ukweli wako, dada: alipokuwa hai si alikuwa anatukatiza maneno?"

Nyamizi alipoondoka, Siwema alipiga ile namba. Simu ilipokelewa mara moja. Hakusikia pumzi upande wa pili. Alisema jina lake, akasema jina la mumewe, akasema habari za tope na za ubao. Kisha akasikia kitu kidogo, kama paka aliyefungiwa kabatini, akakandamiza simu sikioni. Mshauri alikuwa akilia. Yule aliyepangiwa kuwafariji wote alikuwa akilia polepole, kwa aibu, kama mtu anayeogopa kwamba dakika zake nne zimekwisha.

Siwema alirudisha simu mahali pake kwa mikono miwili. Ndipo alipoamua kwenda Kurugenzi ya Ustawi.

*

Kurugenzi ya Ustawi iliongozwa na Bi. Rehani, mwanamke mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu, na mwenye huruma ya kweli iliyokuwa ikisubiri kibali.

"Karibu, Mama Dakta. Keti. Pole sana. Marehemu anaendeleaje?"

"Amechoka."

"Ameandika barua?"

"Aliandika ubaoni. Mkafuta."

"Ubao ni mali ya chuo, mama. Mtu hawezi kuchoka kwenye mali ya chuo." Bi. Rehani alivaa miwani, akafungua kanuni. "Anayetaka kuondoka sharti apinge. Atapinga ukumbini, siku ya kufunga mwaka, jina lake litakapoitwa. Na unajua mwenyewe, mtumishi ana sauti moja kwa mwaka. Sauti ni tangu asimame hadi akae, na husemwa juu ya jina lililoitwa tu."

Siwema alijua. Nani angejua zaidi yake? Kwa miaka minne alikuwa akijaribu kuitumia sauti yake kuomba kuondoka. Binti yake, Mwasiti, aliishi ng'ambo ya ziwa, mjane mwenye watoto mapacha na mguu mmoja usiopona, naye Siwema hakuwa amewahi kuwaona wajukuu wale hata siku moja. Mwaka wa kwanza, jina lake likiwa halijaitwa, alikohoa. Kumbukumbu za mkutano zikaandika kwamba Dakta Siwema alikohoa na hoja yake imepokelewa, na sauti yake ya mwaka ikahesabiwa kuwa imetumika. Mwaka wa pili alipiga chafya. Mwaka wa tatu mtu alimkanyaga kidole naye akalia, "Mama!" Chuo kikamjibu kwa barua kwamba mama yake hayumo katika orodha ya watumishi. Mwaka wa nne alikuwa kitandani na homa, na asiyekuwapo amenyamaza. Kila mara Mwasiti aliandika, na barua ya mwisho ilisema: Mama, pacha wameota meno, yameng'oka, wameota mengine. Nguvu za kuwabeba sina tena. Mwaka huu ukishindwa, usiniandikie sababu.

Mwaka huu Siwema alikuwa amekunywa asali na tangawizi tangu Septemba, na hakuwa amekohoa hata mara moja.

"Bi. Rehani," alisema, "jina la Kondo likiitwa, naweza kusimama mimi?"

Mkurugenzi alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. "Kanuni haikatazi."

"Inaruhusu?"

"Wala hairuhusu. Kanuni imenyamaza."

Wanawake wawili wale walitazamana. Nje, mtu alikuwa akikokota meza sakafuni.

"Kanuni ikinyamaza," alisema Siwema taratibu, "si imekubali?"

Bi. Rehani aliinuka, akafunga mlango, akarudi. "Sikukwambia mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hesabu vizuri, mama. Majina husomwa kwa herufi. Kondo ataitwa kabla ya Siwema. Ukimpa yeye sauti yako, likifika lako huna kitu. Utakuwa umekubali." Akavua miwani. "Na yeye ni marehemu, mama yangu. Binti yako yu hai."

"Marehemu hulala," alijibu Siwema. "Huyu wangu anapiga viatu brashi."

Siku zilizobaki alitembea na mambo hayo mawili kama mtu aliyebeba ndoo mbili, na kila alipotua moja nyingine ilimwagika. Aliandika barua kwa Mwasiti akaichana. Asubuhi ya Jumatano alikaa barazani akiangoja ile brashi, akasema kwa sauti, "Kondo, nikuchague wewe au mtoto?" Brashi ikasimama katikati, katika pigo la tano. Haikuendelea. Viatu viliondoka siku hiyo vikiwa vichafu, na hilo lilimuumiza Siwema kuliko yote, kwa maana Kondo hakuwa mtu wa kutoka na viatu vichafu.

*

Siku ya kufunga mwaka ukumbi ulijaa. Wahadhiri walio hai waliketi wamefunika midomo kwa leso, wengine wameuma vitambaa, na aliyekuwa na kwikwi aliachwa nje. Katikati yao kulikuwa na viti arobaini na kimoja visivyo na mtu, lakini hakuna aliyethubutu kuviita vitupu. Mito yake ya kukalia ilikuwa imebonyea.

Siwema alikaa pembeni ya kiti cha Kondo. Mkono wake wa kushoto ulikufa ganzi kwa baridi. Aliinusa chaki, akaunusa udongo mbichi.

Aliingia Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mhandisi Mtukufu Shehoza, ambaye vyeo vyake vilisomwa kwa dakika sita. Yeye alikuwa kiongozi, na viongozi hawakuhesabiwa sauti.

"Waheshimiwa wahadhiri," alianza, "mlio hai, na mlio kazini! Mwaka huu tumepokea malalamiko sifuri. Nchi jirani, wahadhiri wao hugoma kwa sababu ya chaki. Sisi wetu hata kifo hakijawagomesha!"

Makofi yalipigwa. Makofi hayakuwa sauti.

"Naomba sasa nimtaje Mhadhiri Bora wa Mwaka. Siku tatu tu baada ya kuzikwa, alikuwa darasani. Nauliza ninyi mlio hai: ni nani kati yenu awezaye kujigamba hivyo? Hajachelewa. Hajaugua. Chai hanywi. Huyu ni Dakta Kondo! Na kwa moyo huo, chuo kinamteua kuwa Mkuu wa Idara ya Jiografia kwa muda wa miaka thelathini, endapo, jina lake litakapoitwa, atakubali."

Kiti cha kushoto kwa Siwema kililia. Ulikuwa mlio wa mbao inayokaliwa na mtu mzito aliyeambiwa habari mbaya. Kisha Siwema alihisi ukingo wa mkono wa gauni lake umeshikwa, kwa vidole viwili, kama Kondo alivyozoea kuushika wakiwa arusini, alipotaka kusema twende nyumbani bila wenyeji kusikia.

Msajili, Bwana Pazi, alianza kusoma. Alisoma jina, akahesabu moja, mbili, tatu, akasema "Amekubali," akaandika. Walio hai walikubali. Waliokufa walikubali. Kulikuwa na mzee Barwani, ambaye alikuwa amekubali kwa miaka kumi na tisa tangu afe, na ambaye darasani mwake sasa ubao haukuandikwa chochote ila mkwaruzo mmoja mrefu. "Amekubali."

"Dakta Kondo."

Siwema aliwaona pacha asiowajua, wamesimama kwenye kivuko cha ziwa, nyuso zao hazina macho wala pua kwa kuwa hajaziona.

"Moja."

Vidole viwili vilimshika.

"Mbili."

Vidole vikamwachia. Hakumvuta. Hakumlazimisha. Alimwachia, kama mtu anayesema basi, mama Mwasiti, nenda kwa mtoto.

Siwema akasimama.

"Hataki," alisema.

Katika ukumbi ule neno hilo halikuwa limesikika kwa muda mrefu sana hata watu wengine walitazama juu, wakidhani ni kitu kimeanguka darini.

"Mama Dakta," alisema Bwana Pazi, "jina lako bado."

"Najua."

"Hiyo si sauti ya mwenyewe."

"Ni yangu. Namsemea. Hataki ukuu wa idara, hataki mwaka mwingine. Amechoka. Mwacheni alale."

Makamu Mkuu aliinama kwa Msajili. "Kanuni inasemaje?"

Bwana Pazi alifunua kurasa, jasho likimtoka. Katika safu ya mbele Bi. Rehani alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kanuni imenyamaza, Mtukufu."

Hakuna aliyesema lililofuata, kwa kuwa kila mtu alilijua tangu utotoni. Kalamu ilipita juu ya jina la Kondo, na mlio wake ulisikika hadi mlango wa nyuma.

Siwema alikaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukipata joto. Mto wa kiti cha jirani ulijaa hewa polepole, ukainuka, ukawa mto tu.

Ndipo vikageuka. Viti arobaini, kila kimoja mahali pake, vilikwaruza sakafu vikawageukia walio hai. Hapakuwa na macho, lakini kila mtu aliona anatazamwa. Bega la kila mhadhiri aliye hai lilihisi uzito mdogo, wa baridi, wenye adabu, kama mkono wa mtu anayebisha hodi. Watu mia moja sitini na mmoja walikuwa na sauti zao kamili, nzima, hazijaguswa. Wakainamisha vichwa. Wengine waliziba masikio juu ya midomo iliyokwisha kuzibwa.

"Dakta Lameki," aliita Bwana Pazi, na huyu alikuwa amekufa miaka saba. Moja. Mbili. Tatu. "Amekubali."

Walifika N. Nyamizi alikubali, leso mdomoni. Walifika S.

"Dakta Siwema."

Alifungua kinywa. Kilikuwa kinywa kizuri, kimenyweshwa asali na tangawizi miezi mitatu, na hakikuwa na kitu ndani yake. Akakifunga.

"Amekubali."

Makamu Mkuu aliinua mkono, uso wake umeng'aa kwa hekima. "Idara ya Jiografia haiwezi kubaki yatima. Ile nafasi ya miaka thelathini apewe mjane wa mhadhiri bora. Kama anapinga, na aseme."

Siwema alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Bwana Pazi alihesabu taratibu zaidi safari hii, akasubiri hata baada ya tatu, lakini kanuni ni kanuni. Akaandika. Makofi yalipigwa tena, marefu, ya watu wanaoshukuru kwamba jambo limekwisha.

Nje, penye ngazi ambapo maneno hayahesabiwi, Nyamizi alimkimbilia akihema, kilemba kimelegea.

"Dada Siwema! Miaka mitano unaingoja siku hii! Na Mwasiti, na wale watoto? Kwa mtu ambaye tulishamzika Machi, na mvua ile ikitunyeshea? Umefanya nini wewe?"

"Machi tulitupia udongo," alisema Siwema. "Leo ndiyo nimezika."

Alishuka ngazi mbili, akashika ukuta, akageuka. "Na wewe, mdogo wangu, sauti yako ya mwaka huu umeipeleka wapi?"

Nyamizi akafungua mkoba wake, akaanza kutafuta ndani yake, akatafuta kwa muda mrefu, kama mtu aliyepoteza funguo za nyumba.